Stuli Inayohesabiwa Kama Mtu

Lifti ya jengo lile inabeba watu wanane. Imeandikwa kwenye kibati juu ya mlango, na chini ya maandishi hayo mtu asiyejulikana ameongeza kwa ncha ya msumari: ikipenda. Ni lifti ya zamani, ya mlango wa nondo unaokunjwa kwa mkono, na badala ya vitufe ina mkono wa shaba. Ukiusukuma inapanda, ukiuvuta inashuka, ukikosea kuusimamisha abiria anatoka kwa kuruka au anatoka kwa magoti kama anapanda darini. Ndiyo maana ina mwendeshaji. Na mwendeshaji, huu mwaka wa kumi na tisa, ni Mama Lifti. Jina lake halisi limo kwenye faili ghorofa ya pili, na hakuna aliyewahi kulisumbua.

Miaka yote hiyo aliiendesha akiwa amekaa. Stuli yake ya mbao ina mguu mmoja mfupi uliotegewa kipande cha boksi, na juu yake kuna mto alioushona mwenyewe kutokana na sketi iliyomkataa baada ya mtoto wa tatu. Chini ya kikalio unaning'inia mfuko wa kitambaa wenye miwani, sindano na uzi, na dawa ya kuchua magoti. Hayo magoti ndiyo habari yenyewe. Daktari alishamwambia waziwazi: "Mama, kusimama kutwa nzima, sahau." Akisimama nusu saa yanaanza kunung'unika, ikifika saa nzima yanapiga kelele hadi abiria wanatazamana.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Umeme ulikatika kila siku, kama vile una miadi na watu wengine. Maji nyumbani yalikuja Jumanne na Ijumaa, saa moja tu, tena kwa kukohoa. Mume wake, fundi wa kiwanda cha magodoro, alirudi mchana mmoja na barua mfukoni na godoro begani: kiwanda kimefungwa, hilo godoro ndilo asante. Tangu siku hiyo alihamia kwenye kochi, akawa mchambuzi. Alichambua taarifa ya habari, akachambua majirani, alipomaliza akaanza kuchambua namna mke wake anavyochemsha chai.

"Mfuniko, mama watoto. Ukifunika inachemka upesi."

Mwanamke ana miaka ishirini na minne ya ndoa, na anaelekezwa mfuniko.

Mambo yakiwa hivyo, ghorofa ya saba, katikati ya ofisi ya madalali na ofisi ya kuua wadudu, akahamia mwalimu wa yoga. Dada mdogo, hajafika thelathini, mwembamba, ana sauti ya maji ya mtungini. Wanafunzi wake walikuja na mikeka iliyoviringishwa kwapani, na wiki ya kwanza nzima Mama Lifti aliwapeleka ghorofa ya pili akidhani ni mafundi wa mabomba.

Kujikunja na kujikunjua kulifanyika huko huko juu, mlango ukiwa umefungwa. Lakini kwenye lifti Mwalimu aliongea. Toka mguu unapoingia hadi mguu unapotoka, aliongea, huku kiganja kimoja amekibandika ukutani na macho ameyakaza kwenye namba za ghorofa. Aliongea jinsi ya kuishi siku ngumu bila kugeuka kuwa mtu mgumu. Tatizo lilikuwa moja tu: kutoka chini hadi ya saba ni sekunde hamsini na tano, na sentensi za Mwalimu zilikuwa ndefu kuliko lifti. Mlango ulifunguliwa, sentensi ikatoka na mwenyewe, nusu ikabaki na Mama Lifti. Hakuthubutu kuuliza. Hayo ni masomo ya watu wenye mikeka. Mdandiaji hasimamishi gari.

Nusu ya kwanza aliyoipata ilihusu kutodhuru kiumbe. Akaitekeleza siku hiyo hiyo. Mende wa lifti, ambao kwa miaka kumi na tisa walikuwa wanakula kandambili, sasa wakawa wanabebwa kwenye karatasi hadi ghorofa ya chini na kuteremshwa kwa heshima. Jamaa wa kuua wadudu alishuhudia, akashika kichwa.

"Mama, unaniharibia soko. Wateja wangu wanaona mende anashushwa kwa lifti!"

"Naye ana safari zake, mwanangu."

Nusu ya pili ilihusu ukweli. Mwalimu alisema mtu anayejizoeza kusema kweli maisha yake yanakuwa mepesi, ila lazima aangalie sana kwamba— na ghorofa ya saba ikafika. Aangalie nini? Mama Lifti aliona kwamba kuangalia anaangalia, macho anayo, akaanza.

Ndipo alipogongana na Bwana Waraka.

Huyu ndiye Afisa Utawala wa jengo zima, ghorofa ya nane. Mbele yake watu wanamwita Bosi. Kwa nyuma ni Bwana Waraka, kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo hajalitolea waraka: waraka wa birika, waraka wa kucheka koridoni, waraka wa namna ya kushuka ngazi gizani (washukao washike kulia, wapandao wawe na subira). Mhuri wake anatembea nao mfukoni, hamwamini hata karani wake. Na ana agizo la kudumu: mgeni akimuulizia, aambiwe hayupo.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja mwenye bahasha. "Afisa Utawala yupo?"

"Yupo," akasema Mama Lifti. "Ila amesema niwaambie hayupo."

Mama wa bahasha akapanda, akafungua mlango bila kugonga, akamkuta Bwana Waraka amekunja suruali, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Jengo zima maji hayatoki, ya kunawa mikono yanabebwa kwa ndoo, yeye anayaogelea.

Kesho yake ukabandikwa Waraka Namba 41, Kuhusu Kitu Kinachochukua Nafasi ya Mwananchi. Ulisema imebainika kwamba uwezo wa lifti ni watu wanane, mwendeshaji akiwemo. Imebainika pia kwamba stuli ya mwendeshaji inachukua nafasi ya mtu mmoja. Kwa hiyo kila safari, kwa miaka kumi na tisa, kuna mwananchi ameachwa chini. Stuli iondolewe ndani ya siku saba.

Magoti ya Mama Lifti yaliusoma ule waraka kabla ya macho. Bila stuli hamalizi mwezi. Na mtu asiyeweza kusimama kwenye lifti ataiacha lifti, halafu nyumba yenye kochi moja itakuwa na wachambuzi wawili.

Mchana huo huo, sijui ni bahati au ni uchokozi, Mwalimu akaingia na wanafunzi watatu akiwa katikati ya somo.

"Kinachotutesa si kitu chenyewe," anasema, kiganja ukutani. "Ni kule kuking'ang'ania. Vidole vinauma kwa sababu vimekaza. Kiachie tu, na hapo ndipo utaona kwamba—"

Ghorofa ya saba.

Aliipeleka ile nusu nyumbani, akamwekea mume wake mezani. "Kiachie, na hapo ndipo utaona kwamba… kwamba nini, baba watoto?"

Mchambuzi akafikiri, akashusha miguu kwenye kochi. "Utaona kwamba kimechukuliwa na mwingine."

Pamoja na hayo akaamua kujaribu. Akaanza na vitu vidogo. Jumatatu aliachia rimoti. Jumanne akaachia upande wake wa kitanda, ule wa dirishani. Jumatano mume alipotaja mfuniko, yeye akafunika sufuria kimya kimya na kusema, "Ahsante, mume wangu."

Mume akainuka kwenye kochi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akamshika paji la uso. "Ulienda hospitali?"

"Sikuenda."

"Usinifiche. Nimekaa nawe miaka yote hii. Daktari amesema umebakiwa na muda gani?"

Siku ya saba akaibeba stuli, akapanda nayo hadi ya nane, akaiweka juu ya zulia la Bwana Waraka. Mto juu, boksi lake chini ya mguu mfupi.

"Hii hapa, Bosi."

Bwana Waraka alitazama stuli, akamtazama yeye. Mezani palikuwa na nyaraka tatu zilizochapwa tayari: ya onyo, ya onyo kali na ya onyo la mwisho. "Kwa hiyo unakata rufaa."

"Sikati. Nimeachilia."

"Umeachilia vipi? Kuna utaratibu. Nimeshateua kamati ya rufaa, watu watatu. Chai imeshaagizwa."

"Wanywe tu, Bosi."

"Mama, usinifanyie hivyo! Kamati ya rufaa haikai bila rufaa!" Akafuta jasho. "Hakuna mtu aliyewahi kukubali waraka wangu mara ya kwanza. Unapanga nini?"

"Sipangi kitu. Mwalimu amesema vidole vinauma kwa sababu vimekaza."

Hiyo ya vidole ndiyo iliyomtisha zaidi. Saa hiyo hiyo akaandika Waraka Namba 42, kumwamuru mwendeshaji wa lifti akate rufaa kabla ya kupinga au kukubali jambo lolote. Fomu akajaza yeye mwenyewe, sababu za rufaa akazitunga yeye, na nzuri kweli, hata Mama Lifti alipozisoma alijionea huruma. Mama akatia sahihi ili Bosi apumzike. Halafu, kwa kuwa shauri lilikuwa halijaamuliwa, ikabidi hali ibaki kama ilivyokuwa: stuli ikarudishwa ndani ya lifti. Ila kwa kuwa sasa ni kielelezo, hairuhusiwi kukaliwa. Ikabandikwa karatasi, KIELELEZO NAMBA 1.

Wiki tatu. Stuli imekaa, mama amesimama. Saba ndani, stuli ya nane, mwananchi bado anaachwa chini kama zamani. Watu walizoea haraka, wengine wakawa wanaisalimia. Na Mama Lifti alivuta pumzi kwa hesabu ya nne, akaitoa kwa hesabu ya nne, kama alivyomsikia Mwalimu, na kujiambia ameshaiachia. Kwa mdomo ni kweli ameiachia, na kwa mkono ameiachia. Makalio ndiyo hayakupewa taarifa. Kila magoti yalipolia, makalio yenyewe yaligeuka upande wa stuli kama alizeti.

Ikafika siku ya kamati, saa nane mchana. Dakika kumi kabla, watu wanne walikuwa ndani ya lifti. Mama Lifti, mrufani kwa amri. Bwana Waraka na mafaili yake. Mwalimu, anayekwenda zake ghorofa ya saba, kiganja ukutani. Na Mstaafu.

Mstaafu hana mtu asiyemjua jengoni. Kila Alhamisi kwa miaka sita amekuwa akipanda ghorofa ya tano kufuatilia tarehe yake ya kuzaliwa. Mpiga chapa alikosea, na kwa mujibu wa kumbukumbu mzee yule wa miaka sabini na moja ana miaka kumi na tisa. "Mwanangu wa kwanza ananizidi miaka ishirini na sita," huwa anasema. "Nikikosea ananikanya."

Katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne umeme ukaondoka.

Giza. Lifti ikajitingisha kidogo kama ng'ombe anayefukuza nzi, ikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, Mwalimu akanyamaza. Halafu ikasikika pumzi: fupi, nyembamba, ya kugombania hewa. Bwana Waraka akawasha tochi ya simu. Mwalimu alikuwa amebandika ukutani viganja vyote viwili, uso umelowa.

"Mwalimu, vipi?" akauliza Mama Lifti.

"Naogopa lifti," akasema Mwalimu. "Tangu mtoto. Naongea ili tufike. Mama, hatufiki!"

Akaanza kuteleza ukutani. Mama Lifti akamdaka kwapani, akamgeuzia kwenye stuli.

"Ah ah ah!" Bwana Waraka akanyoosha mkono. "Kielelezo hakikaliwi. Kamati haijakiona."

"Bosi, mtu anazimia."

"Azimie sakafuni. Sakafu haina shauri lolote."

Mama Lifti akaibandua ile karatasi ya kielelezo, akaibandika kifuani kwa Bwana Waraka, akamkalisha Mwalimu. Alifanya hivyo polepole, bila hasira, na akashangaa mwenyewe kwamba hana hasira. Akachuchumaa, magoti yakapiga kelele mbili, akashika mikono ya yule dada.

"Vuta. Moja, mbili, tatu, nne. Toa. Usikimbie, hakuna anayekufukuza. Tena."

Baada ya muda sauti ikamrudia Mwalimu. "Nani kakufundisha hivi, mama?"

"Wewe. Kati ya ghorofa ya pili na ya tano." Akaona hapa ndipo mahali, kama si hapa ni wapi tena. "Mwalimu, nikuulize. Ulisema kinachotutesa ni kung'ang'ania. Kiachie tu, na hapo ndipo utaona kwamba. Kwamba nini?"

Mwalimu akafumba macho, akatafuta. "Sikumbuki."

"Hukumbuki?"

"Mlango ukifunguka nakimbilia nje. Sijui nilikuwa nasema nini. Mama, wewe ulikuwa unayashika maneno yangu ya kwenye lifti?"

"Nayaishi," akasema Mama Lifti.

Zikapita dakika ishirini. Bwana Waraka alianza kuhamisha uzito, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ile ni miguu ya beseni, haijazoea shida. Akawa anaitazama stuli kwa namna ambayo afisa hatakiwi kutazama kielelezo.

"Kwa kuzingatia dharura," akasema mwisho wake, "naweza kuandaa orodha ya zamu za kukaa. Kisheria."

"Andaa, kijana," akasema Mstaafu.

Bwana Waraka akaweka karatasi juu ya faili, tochi mdomoni, akaandika. Dakika kumi kumi, kwa mzunguko, kufuata umri, mkubwa kwanza. Alipomaliza akasoma. Anayemaliza sasa hivi ni Mwalimu, kwa dharura. Anafuata Mama Lifti, miaka hamsini na mmoja. Kisha yeye mwenyewe, arobaini na sita. Wa mwisho, Mstaafu. Kumi na tisa.

"Nini?" Mstaafu akagonga fimbo. "Nitazame! Hizi mvi nimepaka chokaa?"

"Binafsi nakuona, mzee wangu. Lakini kumbukumbu—"

"Basi zirekebishe. Mhuri si unao mfukoni? Miaka sita napanda ghorofa ya tano, naambiwa sahihi inatoka ghorofa ya nane, nikifika ya nane naambiwa hayupo. Leo yupo. Hana hata pa kukimbilia."

Bwana Waraka aliutazama mlango wa nondo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa zege. Akavuta pumzi, na bila shaka aliihesabu. Kisha chini ya orodha ile akaongeza kwamba mstaafu aliyetajwa amethibitishwa kwa macho kuwa na miaka sabini na moja, zamu yake ni ya kwanza. Sahihi. Akapulizia mhuri, akagonga. Mlio wake ndani ya lifti ulikuwa kama wa mlango wa nyumba unaobamizwa.

Mstaafu akakaa dakika zake kumi, analia na kucheka. "Nimezeeka," anasema. "Jamani, nimezeeka."

Ikafuata zamu ya Mama Lifti. Akajishusha polepole juu ya mto wa sketi yake. Wiki tatu! Magoti yakanyamaza yote mawili kwa wakati mmoja, mpaka akaogopa. Hakufikiri chochote kuhusu kuachia wala kushika. Alikaa tu.

Dakika ya tatu, umeme ukarudi.

"Twende, twende, kamati inasubiri," akasema Bwana Waraka. "Inuka uendeshe."

"Naendesha nikiwa nimekaa, Bosi. Nina dakika saba bado." Akasukuma mkono wa shaba.

"Na zamu yangu mimi?"

"Inakuja baada ya yangu. Umeiandika mwenyewe."

Kamati ilikuwa imemaliza chai. Wakaitisha kielelezo, wakaletewa stuli pamoja na orodha. Wakasoma. Waraka 41 unasema iondolewe. Lakini karatasi hii ni ya leo, ina sahihi na mhuri, na inasema stuli ikaliwe kwa zamu, kwa mzunguko, bila kutaja mwisho. Waraka mpya unafuta wa zamani. Hiyo ni kanuni aliyoitunga Bwana Waraka mwenyewe, Waraka Namba 7. Akaomba kuifuta orodha. Wakamwambia akiifuta atakuwa amemfuta na Mstaafu, ambaye ameshateremka ghorofa ya tano na nakala, na sasa hivi anapigiwa makofi.

Basi hadi leo stuli ile inakaliwa kwa zamu za kisheria. Mstaafu aliandika barua kumwachia Mama Lifti dakika zake. Mwalimu amehamia kwenye ngazi, ghorofa saba kwenda na kurudi, zake pia amemwachia. Jioni Mama Lifti alipomweleza mume wake, mchambuzi aliuliza, "Sasa hapo umeachia au umepata?" Naye akafunika sufuria, akasema bado anachunguza.

Aliyebaki anang'ang'ania ni mmoja. Kila baada ya nusu saa Bwana Waraka anateremka na nakala yake mkononi, anakaa dakika kumi, anapanda na kushuka na wananchi huku amefumba macho, anavuta kwa nne, anatoa kwa nne. Mafaili ghorofa ya nane yamelala. Nyaraka mpya hakuna, hana muda. Wanaomuulizia wanaambiwa yupo kwenye lifti, na kweli wanamkuta.

Juzi alipitiliza. Mama Lifti, aliyesimama pembeni, mkono kwenye shaba, alihesabu dakika ya kumi na moja, akahesabu ya kumi na mbili. Magoti yakaanza. Akapima: haya ni ya kuachia, au siyo ya kuachia? Alipima kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya sita.

"Bosi," akasema, "zamu imekwisha."

"Dakika moja tu, mama. Nimeanza kutulia."

"Utulie umesimama," akasema Mama Lifti. "Mimi ndivyo nilivyojifunza."

Bwana Waraka akainuka. Naye akakaa, akarekebisha boksi chini ya mguu mfupi, akafungua mlango. Ghorofa ya saba.